Kicheko cha Siku ya Wazazi

“Watu wakicheka, utajuaje wanamcheka nani?”

Aliyeniuliza alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa miaka arobaini hivi, akikoroga maharagwe ya wasichana mia mbili kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na daftari zima la mihadhara juu ya komedia na msiba, nani alisema nini juu ya kicheko na nani alimpinga. Nikamwambia swali hilo ni la kinadharia. Akanitazama kidogo, kisha akaongeza chumvi.

Hiyo ilikuwa Garissa, mwaka mmoja kabla ya mvua za El Nino. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mji ule ndio ulionizaa; kwetu hapakuwa mbali na soko la mifugo, na upepo ukigeuka tulijua kama siku hiyo wameuza mbuzi au ngamia. Lakini nilikuwa nimekwenda “Kenya”, kama tulivyosema wote kila mtu alipovuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, nikakaa huko miaka minne chuoni, na nikarudi na tabia ya kuuliza kwa nini kabla mtu hajamaliza kusema. Kwa nini wanaume ndio waanze kula? Kwa nini mtu aulizwe ukoo kabla ya kuulizwa hali? Mama alisema nimerudishwa nyumbani na homa ambayo haina dawa. Alisema kwa utani, mwanzoni.

Nilipewa kazi katika shule ya bweni ya wasichana. Mwalimu mkuu, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa akihesabu miezi iliyobaki kabla ya uhamisho, aliniita ofisini akanikabidhi vitabu viwili vilivyoliwa na mchwa pembeni. Vyote vilikuwa tamthilia za kale za Ulaya, kwa Kiingereza. Kimoja komedia, kingine msiba.

“Siku ya Wazazi tunataka mchezo,” akasema. “Chagua mmoja, utafsiri, wasichana waigize. Wazazi wasilale, afisa wa elimu asikasirike. Hayo mawili tu.”

“Na wasichana je?”

“Wasichana watafurahia chochote kitakachowatoa darasani, mwalimu.”

Komedia ilihusu mjane anayefuatwa na wachumba watatu, wote wajinga kwa namna tofauti, naye akawazungusha hadi wakaangushana wenyewe. Msiba ulihusu mfalme aliyetamka neno mbele ya watu wake, akaona baadaye kwamba ni neno baya, lakini akaona haya kulirudisha, mpaka likamchukulia mwanawe. Mwishoni anabaki peke yake, ameketi, hana hata wa kumlaumu.

Niliwasomea watu wengi ili nipate maoni, maana niliamini sana maoni wakati ule, hasa yale yaliyolingana na yangu. Mpishi nilimsomea jikoni, saa za alasiri, huku nikitafsiri papo hapo kwa Kisomali. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wanafunzi wangu. Kwenye komedia alicheka mara mbili, akifunika mdomo kwa ncha ya shela. Kwenye msiba mwiko ulisimama.

“Fanya hii ya mfalme,” akasema nilipomaliza.

“Eddo,” nikasema, kama tunavyomwita shangazi, “watu wana vilio vya kutosha. Ukame, barabara, majambazi. Waje shuleni tena walie?”

“Kulia si kubaya. Mwanamume akilia pamoja na wengine hakuna anayemwona.”

“Na wakicheka?”

Hapo ndipo aliponiuliza lile swali.

Ni lazima niseme hali aliyokuwa nayo wakati huo, kwa sababu nilijua, na siwezi kujitetea kwamba sikujua. Mumewe, dereva wa lori la mifugo, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia. Mpishi alikaa eda miezi minne na siku kumi, katika nguo nyeupe, kisha akarudi jikoni. Alikuwa na watoto watatu: msichana wa kidato cha kwanza hapo hapo shuleni, na wavulana wawili wadogo. Na kulikuwa na shemeji yake, ndugu wa marehemu, mfugaji wa upande wa Hulugho. Kwetu mwanamke akifiwa, ndugu wa mume ndiye wa kwanza kuulizwa kama atamchukua, tunaita dumaal. Husemwa ni huruma, ili watoto wasitawanyike, na mara nyingine huwa kweli ni huruma. Shemeji huyu alikuwa na mke tayari. Kila mwezi alikuja na madebe ya maziwa ya ngamia, akaketi nje ya lango la shule, akaulizia watoto, akanywa chai, akaondoka. Hakuwahi kupaza sauti.

Mpishi hakumtaka. Alitaka kubaki Garissa na kazi yake, na wanawe wabaki naye. Lakini wanawe walikuwa wa ukoo wa baba yao, na akimkataa shemeji waziwazi, wazee wa ukoo wangeweza kuja kuwachukua wavulana, kwa heshima zote, na kuwapeleka Hulugho. Kwa hiyo hakukataa na hakukubali. Alimpa chai. Alimwambia moyo haujapoa. Alikuwa akimpa muda ili wazo la kumwacha litoke kwake mwenyewe.

Mimi niliona huo ni uoga.

“Dini imekupa haki ya kukataa,” nilimwambia. “Nenda kwa kadhi. Nitakusindikiza.”

“Kadhi atanipa karatasi, abaayo, dada yangu. Nitaipikia karatasi chakula cha jioni?”

“Kwa hiyo utangoja mpaka lini?”

“Atakuja Siku ya Wazazi, kumwona binti yetu. Wazee watakuwapo. Baada ya Alasiri wataketi, na yeye atasema lake. Acha tu siku hiyo ipite vizuri.”

Kwa hiyo nilijua pia kwamba siku ile ndiyo ingeamua. Labda ndiyo maana nilichagua nilivyochagua. Niliiona komedia kama wakili. Nilifikiri: mjane yuko jukwaani, mwerevu, anashinda, umati unampigia makofi, wazee wanasikia makofi hayo, na yule mfugaji anarudi kwake akiwa ameelewa dunia imebadilika. Chuoni nilifundishwa kwamba kicheko hufungua watu, kwamba anayecheka ameshaanza kukubali. Nilikuwa nimeiandika sentensi hiyo na kuipigia mstari.

Na sikuishia kwenye kuchagua. Katika kitabu, mchumba wa kwanza alikuwa mwanajeshi mzee mwenye majigambo. Nilimtoa. Mahali pake nikaweka ndugu wa marehemu, mwenye ngamia, aliyekuja na maziwa. Nilijiambia ninaifanya tamthilia iwe ya kwetu.

Aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa msichana wa kidato cha tatu kutoka Banissa, mwembamba, mwenye kipaji cha kuiga ambacho kilikuwa kimeshamponza mara kadhaa. Aliweza kumwiga mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo kichwani. Siku ya tatu ya mazoezi alikuja amefunga kiunoni maawis ya mjomba wake, kikoi cha wanaume, na mdomoni ana mswaki wa mti. Alipotaka kusema alitoa mswaki, akamwelekezea mtu kama anayemhesabu, akasema maneno matatu, akaurudisha mdomoni, akaanza tena kusugua. Wenzake walivunjika mbavu. Nami nilicheka hadi nikakaa chini.

Nilijua pale pale ni nani. Sote tulimwona mara nyingi pale langoni, akiongea hivyo hivyo, mswaki ukitoka na kuingia.

Mpishi alipita na sufuria ya uji, akasimama mlangoni. Alitazama hadi mwisho wa onyesho lile. Kisha akaniita pembeni.

“Utoe mswaki.”

“Eddo, kila mwanamume hapa ana mswaki.”

“Basi mpe fimbo. Kila mwanamume ana fimbo pia.”

“Ukiutoa mswaki, hakuna kinachobaki.”

“Ndiyo,” akasema. “Hakuna kinachobaki.”

Alinikata jicho moja, akaenda na uji wake. Sikuutoa mswaki. Ningependa kuandika kwamba nilisahau au kwamba msichana alikataa, lakini ukweli ni kwamba ulikuwa mzuri mno. Kila nilipoufikiria mchezo bila mswaki ule niliona umepwaya, na nilikuwa kijana, na lilikuwa jambo la kwanza zuri nililolifanya mwenyewe tangu nirudi.

Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi ya joto lile linalofanya mabati yalie. Tulitandaza turubai kati ya bweni na ukumbi. Wanaume walikaa kwenye viti vya madarasani, wanawake kwenye mikeka upande wa kushoto, na ndege korongo walikuwa juu ya migunga kama kawaida yao, kama wageni walioalikwa ambao hawana haraka. Shemeji alikuwa mstari wa pili. Alivaa koti juu ya maawis, ndevu zake zimepakwa hina upya. Binti yule wa kidato cha kwanza alimletea chai, akamsalimu, “Adeer,” yaani amu, naye akamshika kichwa akamwombea dua. Alipomaliza chai akatoa mswaki mfukoni.

Niliona hayo yote kutoka nyuma ya pazia. Bado kulikuwa na muda.

Mchezo ulikwenda kama ulivyokuwa umepangwa, kwa Kiswahili chetu cha Garissa na Kisomali pale penye mzaha. Mjane alipoingia amevaa nyeupe, wanawake kwenye mikeka walinong’onezana. Kisha msichana wa Banissa akaingia na debe la maziwa. Akaliweka chini. Akatoa mswaki mdomoni. Akamwelekezea mjane.

Kwa muda mfupi watu walijiuliza kama wameona walichokiona. Kisha mzee mmoja nyuma, aliyekuwa na sauti ya mnadani, akasema kwa Kisomali, “Waryaa, mbona mswaki wako umepanda jukwaani na wewe umebaki chini?”

Kicheko kilianza kwa wanaume, kikavuka kwa wanawake. Kila mtu aligeuka kutazama mstari wa pili. Shemeji alikuwa na mswaki mdomoni. Hakuwa na la kufanya: akiutoa wangecheka, akiuacha wangecheka. Aliuacha. Msichana jukwaani, aliyedhani anashangiliwa yeye, aliongeza. Aliutoa mara ya pili, ya tatu. Kila mara umati ulikuwa unamtazama yeye mara moja na mtu yule mara mbili. Mwalimu mkuu alicheka bila kujua kwa nini, na afisa wa elimu pia. Hakuna aliyelala.

Mjane wetu alipomfukuza mchumba huyo na debe lake, mtu alisema, “Ngamia sasa wameolewa na nani?” na wakaanza upya.

Nilimtafuta mpishi. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imekunjwa ndani ya shela. Hakutazama jukwaa. Alimtazama shemeji yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeona lori linarudi nyuma kuelekea ukuta na yuko mbali mno hata kuita.

Baada ya Alasiri wazee waliketi chini ya kivuli cha ukumbi. Mimi sikuwapo, wanawake hawakukaa hapo, na swali langu la kwa nini halikunifikisha kokote. Ila nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi nikisahihisha madaftari ambayo hayakuwa na haraka, na niliona. Mazungumzo hayakuchukua muda mrefu. Shemeji alisema kwa ufupi, akiwa amesimama, mikono mitupu. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mmoja aliinua viganja, wote wakaomba dua, wakaondoka.

Mpishi alikuja ofisini kuniarifu mwenyewe. Nadhani alitaka nisikie kwake.

“Ijumaa,” akasema. “Nikah itasomwa Ijumaa. Jumamosi tunaondoka na lori, mimi na wavulana. Binti atabaki bwenini amalize shule, hilo amelikubali.”

“Alikwambia hivyo? Kwa hasira?”

“Hana hasira. Alizungumza na mimi vizuri kuliko siku zote.”

“Basi kataa. Bado unaweza kukataa. Nitazungumza na wazee mimi mwenyewe, nitawaambia mchezo ulikuwa wangu, kosa ni langu.”

Hapo alikaa. Hakuwahi kukaa ofisini kabla ya siku hiyo. Kila mara alisimama mlangoni.

“Sikiliza, abaayo. Jana angeniacha, watu wangesema ni mtu mkarimu, amemhurumia mke wa nduguye. Leo akiniacha watasema wasichana wa shule wamemnyang’anya. Watamtungia beti. Zitafika Hulugho kabla yake, na wanawe watakua wakizisikia kisimani. Wewe ungekuwa yeye ungefanya nini?”

Nilifunga daftari lililokuwa mbele yangu.

“Mimi ningefanya alichofanya,” akasema. “Ndio ubaya wake.”

Nilikuwa nimekulia katika mji ambamo watu hukumbuka ubeti wa dhihaka vizazi vitatu baada ya aliyedhihakiwa kuzikwa. Nilijua familia ambazo zilihama malisho kwa sababu ya mistari minne. Babu yangu mwenyewe alikuwa na jina la utani ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka nyumbani kwetu. Mgeni kutoka bara angeweza kusamehewa; hata mwalimu mkuu, akicheka pale mbele, alikuwa anacheka tu. Mimi nilijua uzito wa kicheko kwetu toka utotoni, na nikaenda chuoni nikafundishwa kwamba ni kitu chepesi, na kwa kuwa nilifundishwa kwa Kiingereza, na kwa mtihani, nikaamini.

Jumamosi ile nilikwenda stendi ya malori. Alikuwa amekaa mbele pamoja na dereva, mtoto mdogo mapajani. Mkubwa alikuwa nyuma juu ya magunia ya unga na furaha yake yote, maana kwake ilikuwa safari. Shemeji, sasa mumewe, alikuwa akifunga kamba. Nilimsalimu. Akaniitikia salamu yote, mpaka mwisho, akaniuliza hali ya mama yangu. Hakuwa na mswaki. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi na nikaona kwamba kuyasema pale, mbele ya mataniboi na wapakiaji, ingekuwa kumpandisha jukwaani tena. Kwa hiyo nilimtakia safari njema.

Mpishi alinipa mkono dirishani. “Mpishi mpya hajui moto wa kuni,” akasema. “Mwambie asiweke magogo yote mara moja.”

Nilifundisha pale mwaka mmoja zaidi. Mvua zikaja, Tana ukafurika, barabara ya Hulugho ikawa ziwa, na habari zikakatika. Nikahamia Nairobi. Msichana wa Banissa nasikia ni mwalimu. Binti wa mpishi alimaliza kidato cha nne. Alinisalimia kwa adabu miaka yote mitatu iliyobaki kwake pale, kwanza darasani, kisha katika kadi za Idi, na hakuwahi kunitajia siku ile hata mara moja. Nami, ambaye niliuliza kila kitu, sikumwuliza.

Niliongoza michezo mingine baadaye, ya kuchekesha na ya kuliza. Watu wameniuliza ninachaguaje. Nimekuwa na majibu mazuri, yenye mpangilio, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli. Ukweli ni kwamba kabla ya kila onyesho mimi hutembea kati ya viti vitupu nikijaribu kumwona mtu mmoja atakayeketi pale, ambaye kwake jambo hili si mchezo. Mara nyingi simwoni. Hilo halinipi utulivu.

Kisha, zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwenye arusi moja Eastleigh, niliketishwa kwenye zulia karibu na bibi mmoja mkongwe, mnene, mchangamfu, aliyekuwa akiwatania mabibi wenzake kuhusu meno yao. Akaniuliza watu wetu ni nani. Nilipomweleza, na kwamba niliwahi kufundisha Garissa, akanishika mkono akaufunga ndani ya wake.

“Wewe ndiye mwalimu wa mchezo,” akasema.

Alikuwa mke wa kwanza wa yule mfugaji. Hakuwa na kinyongo. Alicheka hata, akisema kwamba yeye na mpishi walikuja kupendana kuliko wote wawili walivyompenda mume, Mungu amrehemu, na kwamba mpishi bado yupo, macho yamefifia, anaishi na mwanawe mdogo huko Sangailu. Nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu, kwamba nimeibeba siku ile tangu wakati huo. Akanisikiliza, kisha akanieleza jambo ambalo alidhani nalijua.

Wiki kadhaa kabla ya Siku ya Wazazi, mumewe alikuwa amemwagiza amwandalie mke mwenza nyumba. Bibi akakata fito akazipinda, akaazima mikeka kwa majirani, maana ya kwake haikutosha, na nyumba ilikuwa imefika nusu, upande mmoja imefunikwa na mwingine wazi. Alfajiri ile ya kwenda Garissa kwa Siku ya Wazazi, mume alitoka nje, akaitazama nyumba hiyo, akamwambia aivunje, mikeka airudishe kwa wenyewe, kwa sababu hakuna mtu atakayekuja kuishi ndani yake. Kisha akapanda lori.